Fundo la Mkono wa Kushoto

Mzee Mchicha alikuwa na bustani mbili, na katika maisha yake hakuwahi kuzichanganya hata siku moja.

Ya juu ilikuwa nyuma ya jiko, matuta machache yasiyonyooka, yakiishi kwa maji ya kuoshea mchele na kwa kustahimili fujo za kuku. Mchicha wake ulikuwa na matundu ya kutosha, na mkewe alipoupika alipenda kusema kwamba viwavi wameshauonja, wameona hauna neno. Ya chini ilikuwa bondeni kando ya mfereji, pana, imenyooka kana kwamba imepigwa pasi, na mchicha wake ungeweza kuutafutia tundu kwa tochi usilione. Ya juu ilikuwa ya nyumbani. Ya chini ilikuwa ya watu.

Ndivyo walivyosema katika nyumba ile: ya watu. Mtoto akitumwa mboga alikwenda nyuma ya jiko. Akishuka bondeni kuchuma hata jani moja la kumpa sungura, aliitwa kwa jina lake refu, na kila mtoto duniani anajua kuitwa kwa jina refu maana yake nini. Hakuna aliyeuliza sababu. Walikua, wakaoa, wakaolewa, wakaondoka, na sheria ikabaki palepale na wazee wao.

Sababu yenyewe ilining'inia kwenye ukuta wa banda: bomba la mgongoni la kupigia dawa, na chini yake makopo yenye picha ya fuvu. Kopo lilisema wazi, kwa herufi ndogo kama miguu ya sisimizi, kwamba ukishapiga dawa ungoje siku kadhaa ndipo uvune. Mzee Mchicha alijua kusoma. Lakini mnunuzi wa jumla alikuwa na siku zake za kuja, na viwavi nao walikuwa na siku zao, na katika siku zote hizo zile za kopo ndizo zilizokosa mtetezi. Kwa hiyo alipiga dawa leo, keshokutwa akavuna.

Mnunuzi huyo waliyemwita Mama Pikapu alikuwa mwanamke mnene wa sauti, mwepesi wa miguu. Akifika, hata kabla ya salamu kukamilika, anachomoa jani moja katikati ya fungu, analiinua juani na kufumba jicho moja. Mwanga ukipenya mahali, fungu linarudi kwa mwenyewe.

"Mteja wangu akiona tundu," alikuwa akisema, "anadhani namuuzia mabaki ya mbuzi."

Msimwone mzee yule katili. Alikuwa mtu wa kumwomba radhi kuku kabla ya kumchinja. Ila wale waliokula mchicha wake hakuwahi kuwaona, na mtu usiyemwona ni mwepesi kumsahau, hasa ukishawapa wote jina moja. Yeye aliwaita watu, akaendelea na kazi yake.

Jambo alilojivunia kuliko yote lilikuwa fundo. Alikuwa mashoto, na kamba ya mgomba mkononi mwake ilizunguka upande wake wa peke yake: mizunguko miwili kuelekea kushoto, mkia ukaingizwa chini, basi. Ukilivuta linakaza. Wakulima wenzake wote walifunga kulia. Mwanawe wa mwisho, binti waliyemwita Kitinda, alikuwa akiketi naye utotoni chini ya banda akimpa kamba mojamoja, na ndiye pekee aliyejua kulitelezesha fungu likatoka bila fundo kukatwa. Mzee aliwapenda watoto wake wote, lakini Kitinda alikuwa amebeba jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo alimwita "mama" na kumdekeza bila aibu.

Siku za karibuni mikono ilikuwa imeanza kumtania. Kikombe kilicheza juu ya kisahani. Asubuhi vidole vilikuwa na ganzi, na kila alipomaliza kupiga dawa kichwa kilimgonga, mate yakamjaa kinywani, akajilaza.

"Uzee huu," alimwambia mkewe.

"Uzee gani unaokuja siku za bomba tu?"

"Uzee wenye akili."

Wakacheka, na kicheko kikafunika maneno. Mkewe alikuwa akiona kila kitu. Alimwona anavyochanganya dawa kwenye ndoo, si kwa kijiti, bali kwa mkono wake wa kushoto, mpaka kiwikoni, kama mtu anayetafuta sabuni iliyozama. Kijiti kilikuwepo. Mzee alisema kijiti hakihisi mabonge, mkono unahisi.

Basi siku moja Kitinda akapiga simu. Aliishi mjini na mumewe, mchomeleaji mageti, katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, naye alikuwa mjamzito. Mimba ile ilingojewa muda mrefu, ikaombewa, ikakatiwa tamaa, ikaja, na wazee wake waliizungumza kwa sauti ya chini wasije wakaishtua.

"Mama," alisema baada ya salamu, "mikono ya baba ina nini?"

"Nani kakwambia mikono?"

"Baba mwenyewe."

Mama akamgeukia mumewe kwa macho makali. Mumewe akatikisa kichwa na kuapa kwa kunong'ona kwamba hajasema neno.

"Mwambie aje nimwone," Kitinda akaendelea. "Mimi nimekatazwa safari mpaka nijifungue."

Mzee Mchicha alijitia kusitasita siku nzima, lakini moyo wake ulikuwa umeshatangulia mjini. Akapanga kwenda na pikapu yenyewe, siku ya mavuno. Kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, mkewe alijaza kikapu mchicha wa nyuma ya jiko pamoja na matundu yake, akaufunika kwa kitambaa safi. Bondeni mzee alikuwa amepiga dawa juzi yake. Alfajiri walivuna, wakafunga, Mama Pikapu akainua jani lake juani, akaridhika. Mzee akapanda mbele, kikapu mapajani. Nyuma yao mafungu yalilala chini ya magunia mabichi, na Mama Pikapu akaongea njia nzima bila kuhitaji kujibiwa.

Alishushwa sokoni. Hakwenda moja kwa moja. Hakutaka binti yake amwone na ndevu za shambani, akaingia kwa kinyozi, na kinyozi alikuwa mpole wa mikono, mzee akasinzia kitini. Alipofika kwa mwanawe jua lilikuwa limepanda.

Nyumba ile ilikuwa safu mbili za vyumba, katikati ua wa saruji wenye bomba moja la maji na majiko ya mkaa yaliyopangwa kila moja mbele ya mlango wake. Kitinda alikuwa ameketi kwenye kigoda, tumbo limempumzikia mapajani, akikoroga sufuria.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba, mama. Usiinuke. Nimesema usiinuke!"

Akainuka hivyohivyo. Mzee akamshika mabega, akalitazama lile tumbo, akacheka, halafu akajikuta machozi yanamlenga, akajitia kukohoa.

Mlango wa pili palikuwa na jirani, mwanamke kijana mwenye mapacha waliokuwa wakila kizingitini. "Huyu ndiye mwenyewe?" aliuliza. "Karibu, baba mwenye mboga! Tunakujua sana hapa." Walimwita Mama Pacha. Mzee aliitikia kwa furaha bila kuelewa walimjulia wapi.

Kitinda akamwingiza ndani. Kitanda kilitandikwa vizuri, na juu ya sanduku kulikuwa na nguo za mtoto zimekunjwa, ndogo mno kiasi kwamba mzee alizigusa kwa kidole kimoja tu. Kando ya dirisha palikuwa na msumari, na kwenye msumari zimetungikwa pete za kamba ya mgomba, zimekauka, nyingi, kama bangili dukani. Akasogea. Kila pete ilikuwa na fundo, na kila fundo lilielekea kushoto.

"Hizi ni nini, mama?"

"Ni wewe," Kitinda alisema. "Nikikupigia simu unasema mzima. Ukiwa na homa, mzima. Ulipotumbukia mferejini, mzima, mpaka mama alipomwaga mtama. Nikasema basi, nitaiuliza mikono yake, mikono haijui kudanganya. Kila nikienda sokoni natafuta fungu lako, meza kwa meza. Hili la zamani, tazama lilivyokaza. Haya hapa yanaanza kulegea. Hili la majuzi kidole changu kinapita." Akatoa mfukoni kamba ambayo bado ilikuwa mbichi. "Na la leo limefunguka lenyewe njiani, nimefika nimeshika majani tu. Baba, mficha maradhi, kifo humuumbua. Una nini?"

Mzee alisikia neno moja tu.

"La leo umelinunua wapi?"

"Sokoni. Ndiyo kwanza yalikuwa yanashushwa. Unadhani nakupikia nini hapo nje?" Akacheka. "Mboga zako mwenyewe."

"Na haya mengine? Mchicha wake uliufanyaje?"

Kitinda akamtazama kama mtu aliyeulizwa anavyopumua. "Nimeula, baba. Kliniki wananiambia nile majani. Nani angeniuzia mazuri kuliko yako? Hata tundu hayana."

Hofu ilimwingia mzee yule kuanzia miguuni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapa walikuwa wana wawili, mmoja ndani ya mwenzake. Aliziangalia zile pete msumarini, zote zile, kila moja fungu zima lililoingia tumboni mwa binti yake, na mbele ya macho yake akauona mkono wake mwenyewe ukikoroga ndoo.

Akili yake, nisiwafiche, ilikimbilia njia ya mkato. Akatoka nje na kikapu chake. "Leo tule huu wa nyumbani," alisema kwa sauti aliyoilazimisha iwe ya mzaha. "Huo umwage tu."

"Nimwage chakula? Baba, jua limekupiga."

Naye, kama apikaye yeyote anavyofanya, akachota jani moja sufuriani kwa vidole, akalipuliza, akalipeleka kinywani kuonja chumvi. Mzee aliruka akamdaka mkono. Hakuwahi kumshika kwa nguvu tangu azaliwe. Jani likaanguka kwenye saruji.

"Baba, umenishtua."

"Usile. Nimeupiga dawa juzi."

"Juzi hii?" Mama Pacha aliuliza toka mlangoni kwake.

"Juzi hii."

"Na siku zote?"

Mzee angeweza kusema hapana. "Siku zote," akasema.

Mama Pacha akageuka kuwatazama mapacha wake. Sahani zilikuwa karibu tupu. Kitinda ndiye aliyewaambia majirani wote watafute fundo linaloelekea kushoto, kwamba hilo ni la baba yangu, ukilipata hilo usihangaike na mengine. Mama Pacha alizichukua sahani mikononi mwa watoto moja baada ya nyingine, akazimwaga kwenye ndoo ya taka, akawapeleka wanawe bombani, akawaosha midomo na vidole taratibu, akaingia nao ndani na kufunga mlango. Hakumtukana. Angemtukana, mzee angepata angalau pa kushika.

Kitinda alikuwa ameketi tena kwenye kigoda. Mkaa uliendelea kuwaka chini ya sufuria ambayo hakuna aliyeitaka.

"Nyuma ya jiko tulikula wa matundu," alisema polepole. "Tukaambiwa wa chini ni wa watu."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani mnawapa watu ulio mzuri. Nilijivuna, baba. Shuleni nilijivuna. Niliwaambia wenzangu, kwetu sisi tunakula uliotoboka, watu tunawapa mzuri."

Mzee Mchicha angepigwa kofi angesimama. Kwa maneno yale alikaa chini, pale pale kwenye saruji, na nguo zake za safari, na akalia mbele ya milango yote ya wapangaji. Kitinda alimgeuzia mgongo. Alikaa hivyo, mikono yote miwili juu ya tumbo, na mzee hakuthubutu kumwita.

Ikapita muda. Halafu akasikia maji yakimiminwa. Kitinda alikuja na beseni la maji ya vuguvugu na kipande cha sabuni, akashuka kwa taabu akaketi mbele yake, akaushika mkono wake wa kushoto na kuukunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko. Akaanza kumwosha. Alimwosha kidole kimoja kimoja, chini ya kucha, kwenye mikunjo ya kiganja, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Ule mkono ulitetemeka ndani ya mikono yake, naye akausubiri utulie, usitulie, akaendelea.

"Nimekukasirikia sana," alisema bila kuinua uso.

"Najua."

"Sijamaliza kukasirika."

"Najua, mama."

"Basi tulia nikuoshe."

Jioni mkwe alirudi na miwani yake ya kuchomelea kichwani, akaambiwa yote, akasema kesho twende kliniki wote. Wakaenda. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo aliyechoka, lakini hakumharakisha mtu. Aliweka kifaa chake tumboni, akakisogeza, akakisogeza tena. Mzee alikuwa ameruhusiwa kukaa kwenye benchi nyuma ya pazia, akaushika ukingo wa benchi. Kisha ukasikika: mdundo mdogo wenye haraka, kama mtu mfupi anayekimbia asichelewe.

"Moyo ni mzuri," muuguzi alisema. "Kilichopita siwezi kukuambia kimefanya nini au hakikufanya. Tutamfuatilia. Kuanzia leo usile kitu kilichopigwa dawa na kuvunwa kabla ya siku zake. Kuosha kunasaidia, ila hakumalizi yote." Akatoka nje ya pazia, akamwona mzee na mikono yake. "Na wewe baba, hiyo dawa unaichanganyaje?"

Mzee akaonyesha. Akazamisha mkono hewani, akakoroga.

"Kwa mkono mtupu?"

"Unahisi mabonge," mzee alijibu, na safari hii maneno yale yalimsikitisha mwenyewe alipoyasikia. Muuguzi akamwandikia akapimwe hospitali kubwa, akamwambia bomba asiliguse tena.

Kabla ya kuondoka mjini alibisha kwa Mama Pacha. Mlango ukafunguka nusu. Mapacha walichungulia katikati ya miguu ya mama yao, wazima, wachokozi, mmoja akamtolea mzee ulimi.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Mzee, mimi hayo makopo yenu sijawahi kuyaona," Mama Pacha alisema. "Mimi nilijua fundo tu. Nililiamini." Akafikiri kidogo. "Wanangu wakiendelea kuwa wazima nitajaribu kukusamehe. Leo siwezi."

"Haya, mwanangu," mzee akasema, maana aliona ni haki yake.

Nyumbani alimweleza mkewe kila kitu, wameketi kwenye ngazi ya jiko. Mkewe alisikiliza akichambua mchicha, halafu mikono yake ikasimama.

"Mimi nilijua," alisema. "Miaka yote hii nachuma hapa juu, unadhani nilikuwa nachuma kwa sababu ya nini? Tulijua wote wawili, baba watoto. Tusisukumiane."

Mama Pikapu alipokuja siku yake alikuta bondeni mchicha umesimama haujakatwa. Mzee akamwambia atauvuna siku za kopo zikiisha, na baada ya huo hatapiga tena. Mama Pikapu alicheka kwanza, halafu akaona si mzaha.

"Viwavi watakushukuru," akasema. "Mimi nina wateja." Akawasha gari akaenda kwa mkulima wa ng'ambo ya mfereji, na mzee akasikia mngurumo wa ile pikapu mpaka ulipoishia.

Basi ikawa kazi. Bomba lilitolewa ukutani. Asubuhi na mapema, umande ukingali majanini, mzee na mkewe waliinama bondeni wakiokota viwavi kwa mkono na kuwatia ndani ya kopo, na kuku ambao miaka yote walifukuzwa sasa waliitwa kwa adabu. Viwavi walikuwa wengi kuliko kuku. Migongo iliuma. Yale majani yaliyokuwa yamenyooka bila dosari yakaanza kutoboka, moja hapa, moja pale, mpaka bustani ya chini ikafanana na ya juu. Majirani wakapita wakiwapa pole, "Poleni na ugonjwa," wakidhani ni ugonjwa. Mikono ya mzee ilituliza ghasia kidogo, haikuacha. Daktari wa hospitali kubwa alisema huenda ikachukua muda, huenda isirudi yote. Mzee alikubali, kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki.

Jambo lililomuuma ni jingine. Kitinda alipiga simu, ndiyo, akamsalimia, akamuuliza hospitali wamesemaje, lakini hakukaa kwenye simu kama zamani, na mzee hakujua kama hasira ile ilikuwa imekwisha. Kumuuliza hakuthubutu.

Asubuhi moja, wakiwa wamevuna mafungu yao ya matundu wapeleke kwenye gulio la jirani, pikapu ikasimama. Mama Pikapu akashuka bila salamu, akachomoa jani, akaliinua juani. Jua lilipita mahali pengi kiasi cha kumwekea madoa usoni.

"Hili ni jani au chujio?"

"Ni jani," mzee alisema.

"Hebu nikueleze balaa lililonipata sokoni." Akaliangusha tako lake juu ya gunia. "Kuna mwanamke mmoja, mimba imefika hapa, mimi nadhani atazalia kwenye mizani yangu. Kila siku ya soko anakuja na jirani yake mwenye mapacha. Anapekua mafungu yote. Namwambia dada, chukua hili zuri, halina tundu. Anasema sitaki, nataka lenye matundu, tena fundo lake lielekee kushoto. Hakuna, anaondoka mikono mitupu. Siku nyingine anarudi. Nikamwambia dada, nani kakuloga? Anasema," Mama Pikapu akaigiza sauti laini, "anasema, namngoja baba yangu."

Mzee Mchicha aligeukia mfereji. Mabega yake yalitikisika, na mkewe akamwekea mkono mgongoni, wala hakuna aliyemwambia Mama Pikapu kitu. Yeye aliangalia mgongo wa mzee, akaangalia kamba za mgomba, kisha akashika kinywa.

"Sasa wewe," akasema kwa sauti ambayo hakuwa nayo kabla, "nipe basi kidogo nikajaribu. Kidogo tu. Nisiharibu jina."

Mzee akaketi kufunga. Vidole vilikataa. Kamba ilizunguka kushoto mara mbili, mkia ukaponyoka, akaanza upya, ukaponyoka. Fundo lililopatikana lilikuwa legelege, kidole kingeweza kupita na kingine kikafuata.

"Lete nikufungie mimi," mkewe alinong'ona. "Nitalielekeza kushoto. Akiona limelegea hivi atakosa usingizi, na siku zake zimekaribia."

Mzee akafikiri. Lilikuwa wazo la upendo, naye alilijua vizuri, kwa maana maisha yake yote alikuwa amesema mzima.

"Acha," akasema. "Alione lilivyo."

Akafunga yote mwenyewe, polepole, Mama Pikapu akingoja kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Pikapu ilipoondoka na mafungu machache, yaliyobaki mkewe aliyatia kwenye kapu la gulio, isipokuwa moja. Hilo alilipachika kwapani, akapanda nalo kilimani, akapita bustani ya nyuma ya jiko bila kuiangalia, akaingia ndani. Mzee akamfuata.

Aliuosha, akaukata, akaupika. Akapakua sahani mbili, akaketi na mumewe mezani. Mchicha wa bondeni haukuwahi kufika kwenye meza ile tangu ilipochongwa. Mzee aliushika mkono wake uliokuwa ukitetemeka, akautazama ule mchicha, akashindwa kuanza.

Mkewe akachukua tonge lake la kwanza, akalitafuna, akalimeza.

"Kula, baba watoto," akasema. "Na sisi ni watu."